OBS Studio kwa kurekodi masomo ya kompyuta: mwaka mmoja wa kuitumia hapa Busia

Mwaka jana mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha akiba hapa Busia upande wa Uganda, alinitumia voisi ya WhatsApp akaniambia, "Mwalimu, video nimeipata, sauti naisikia vizuri, lakini hizo namba zako ni kama sisimizi wametembea kwenye karatasi, sijui hii ni tatu ama ni nane." Niliisikiliza hiyo voisi mara mbili. Nilikuwa nimekesha narekodi somo la kujumlisha michango kwenye Excel, dakika 14, nikaona nimefanya kazi ya maana, na kumbe yule niliyemrekodia hakuweza kusoma hata mstari mmoja. Na kwenye hesabu za kikundi, tatu na nane hazikaribiani hata kidogo, hiyo ni pesa ya watu.

Toka siku hiyo nikaanza kutafuta kwa nguvu njia ya kurekodi skrini ikatoka safi, nikajaribu hiki nikaacha, nikajaribu kile nikaacha, mpaka nikatua kwenye OBS Studio na sijaondoka. Sasa ni mwaka umepita, nimerekodi masomo zaidi ya 60, kwa hiyo naandika kama mtu aliyeishi nayo.

Niseme kwanza natumia nini ili usije ukalinganisha na mashine yako ukaniona mwongo. Laptopu ni ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha 6, RAM ya GB 8, skrini ya 1366 kwa 768, Windows 10, na betri ilishakufa kitambo, inaishi kwenye chaja. Maiki ni hedifoni ya waya niliyonunua shilingi 35,000. Wanafunzi wangu ni wenye maduka, wauza nafaka, akina mama wa samaki, na vijana wanaofanya kazi za forodha hapa mpakani. Nafundisha kwa Kiswahili maanake Busia unakuta kwenye benchi moja kuna Msamia, kuna Mteso, kuna Mganda na kuna ndugu zetu wa ng'ambo ya pili Kenya, sasa lugha ya kutukalisha pamoja ni hiyo. Tena serikali ilipitisha 2022 Kiswahili kiwe cha lazima mashuleni, watoto wanakuja na hamu, lakini ukitafuta video ya kufundisha Excel kwa Kiswahili yenye mifano ya huku kwetu utatafuta sana. Na hawa wanafunzi wangu karibu wote wanatazama kwenye simu. Hilo ndilo jambo la kushika katika haya yote nitakayosema, mimi video siipimi kwenye laptopu yangu, naipima kwenye simu ndogo ya mtu aliyekaa nyuma ya meza ya duka na jua linampiga kwenye kioo.

Kabla ya OBS nilianza kama wengi wetu tunavyoanza, nikaegesha simu kwenye vitabu ikapiga picha skrini ya laptopu. Usifanye hivyo. Kamera ya simu ina vinukta vyake na skrini ina vinukta vyake, vikigongana unapata ile mistari ya mawimbi mawimbi inayotembea juu ya maandishi, na mwanga unacheza. Halafu nikapakua programu moja ya bure, ikawa inagonga nembo yake kubwa katikati ya kila video na inakata ukifika dakika kadhaa, nikaitoa siku hiyo hiyo. Ile Game Bar iliyomo ndani ya Windows, unabonyeza kitufe cha Windows na Alt na R, inafanya kazi vizuri kama unarekodi programu moja tu, lakini hairekodi desktopu wala pale unapofungua mafolda, sasa mimi nusu ya somo la kwanza ni kumwonyesha mtu faili lake limekaa wapi. Na wenye Windows 11 mnayo Snipping Tool ambayo siku hizi inarekodi skrini pamoja na sauti, na kwa klipu ya dakika mbili ya kumjibu mtu haraka inatosha kabisa, sitamlazimisha mtu aende mbali zaidi ya hapo. Ila haikupi udhibiti wa ubora, na mimi shida yangu ilikuwa ubora.

OBS yenyewe ilianzishwa 2012 na jamaa anaitwa Hugh Bailey, wenzake humwita Jim, na mpaka leo ni ya bure kabisa, msimbo wake (code) uko wazi kwa kila mtu, hakuna nembo, hakuna kikomo cha dakika, hakuna "lipa ndiyo ufungue". Inaingia Windows, macOS na Linux. Faili la kuisakinisha linapita MB 100 kwa hiyo lipakue ukiwa na bando la kutosha ama kwa wifi ya mtu, na ulichukue kwenye tovuti yao yenyewe ya obsproject.com, usikubali kuletewa kwenye flashi na mtu, hizo flashi zinazozunguka mjini zinabeba virusi. Kama laptopu yako bado ni Windows 7 ama 8, matoleo ya kuanzia 28 hayakubali, itabidi utafute 27 ya zamani.

Ukiifungua mara ya kwanza itakuogopesha. Ni dirisha jeusi tupu, chini kuna visanduku vitano hivi, na hakuna kinachosema bonyeza hapa urekodi skrini yako. Nawaambia ukweli, mimi niliifunga mara mbili nikaiacha wiki nzima. OBS ilitengenezwa na watu wa kurusha gemu mubashara kwa hiyo inaongea kwa lugha yao, Scenes na Sources. Ukishaelewa haya mawili umemaliza. Scene ni kama jukwaa, Source ni kitu unachokiweka juu ya jukwaa, skrini yako ni Source moja, maiki ni nyingine, picha ya nembo yako ni nyingine. Itakuuliza mwanzoni unataka kufanya nini, chagua ile ya kurekodi tu bila kurusha mubashara. Kisha kwenye Sources bonyeza ile alama ya kujumlisha, chagua Display Capture, na skrini yako itatokea pale palipokuwa peusi.

Kuna watu watakwambia tumia Window Capture, yaani inarekodi dirisha moja tu. Nilijaribu. Ukibonyeza kulia kwenye Excel ili menyu ishuke, menyu ile kwa kompyuta ni dirisha lingine kabisa, kwa hiyo wewe unaiona lakini kwenye video haipo, mwanafunzi anaona mshale unaelea hewani unabonyeza mahali patupu. Nilirudia somo zima kwa sababu hiyo. Kwa kufundisha, Display Capture.

Sasa nije kwenye ule ukungu wa maandishi, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wengi wanapopotelea, wanabadilisha kila kitu isipokuwa kile chenye shida. Kwenye Settings, upande wa Video, kuna vipimo viwili. Base Canvas ni ukubwa wa jukwaa lako, Output ni ukubwa wa video itakayotoka. Kwangu jukwaa lilikuwa 1366 kwa 768 na video ilikuwa inatoka 1280 kwa 720. Unaona tofauti ni ndogo, unasema haina neno. Ina neno kubwa sana! Herufi kwenye skrini imechorwa kwa vinukta vichache tu, mguu wa namba moja unaweza kuwa kinukta kimoja au viwili kwa upana, sasa ukiiambia kompyuta ikamulie vinukta 1366 ndani ya 1280 haiwezi kugawanya kinukta, inachanganya rangi ya hiki na ya jirani yake, na ile pembe kali ya herufi inakuwa kijivu. Picha ya mtu ama ya ng'ombe hutaona tofauti. Maandishi unaona papo hapo, na hapo ndipo tatu inapogeuka nane.

Dawa ni vipimo vyote viwe sawa, skrini, jukwaa na video. Mimi nilichofanya ni kushusha skrini ya laptopu yenyewe iwe 1280 kwa 720 kwenye mipangilio ya Windows kabla ya kurekodi, halafu Base na Output zote nikaziweka hapo hapo 1280 kwa 720. Ukifanya hivyo wewe mwenyewe kwenye kioo utaona kama kuna ukungu kidogo kwa sababu kioo kimetengenezwa kwa 1366, usitishike, OBS hairekodi kioo, inachukua picha ile ile inayoandaliwa na kompyuta kabla haijafika kwenye kioo, na kwenye video inatoka kali kama wembe. Mwenye skrini ya 1920 kwa 1080 abaki na 1080 kote. Na kitu kingine kidogo kilichonisumbua mwezi mzima, ukigusa Source kwa mausi bila kukusudia unaweza kuivuta ikakua ama ikasinyaa kidogo sana, huoni kwa macho lakini ukungu unarudi. Ichague, bonyeza Ctrl na R irudi saizi yake, halafu bonyeza kale kakufuli pembeni ya jina lake isisogee tena.

Hapo maandishi yatakuwa safi. Lakini safi na makubwa ni mambo mawili, herufi safi ya ukubwa wa punje ya uwele bado mtu hawezi kuisoma kwenye simu. Kwa hiyo kabla sijabonyeza rekodi nakuza Excel mpaka asilimia 160 ama 170, unashika Ctrl unazungusha gurudumu la mausi, naficha yale mavitufe ya juu kama siyahitaji, na sionyeshi zaidi ya safu wima sita kwa wakati mmoja. Ukiona huwezi kufundisha bila safu 15 basi gawanya somo. Halafu kuna kaprogramu kanaitwa ZoomIt, ni ka bure ka Microsoft, kalitengenezwa na Mark Russinovich, kadogo sana lakini kanafanya kazi ya mtu mzima. Ctrl na 1 skrini inakuzwa pale penye mshale wako, Ctrl na 2 unachora mstari mwekundu juu ya skrini kama mwalimu mwenye chaki. Nikifika kwenye fomula nakuza, natulia, naisoma neno kwa neno, =SUM mabano fungua B2 nukta mbili B31 mabano funga, narudi. Yule mama mweka hazina aliniambia pale ndipo anaposimamisha video na kuandika kwenye daftari. Na kumbuka ZoomIt inaonekana kwenye Display Capture, kwenye Window Capture haionekani.

Rangi pia zina lake. Nilikuwa napenda kupaka vichwa vya jedwali bluu iliyoiva na maandishi mekundu, kwenye skrini yanapendeza, kwenye video yanavuja kama wino kwenye karatasi yenye maji. Sababu ni kwamba video za kawaida zinahifadhi mwanga wa kila kinukta lakini rangi zinahifadhi kwa makundi, vinukta vinne vinagawana rangi moja. Nyeusi juu ya nyeupe tofauti yake ni ya mwanga kwa hiyo inabaki kali, nyekundu juu ya bluu tofauti yake kubwa iko kwenye rangi kwa hiyo inaharibika. OBS inayo njia ya kuhifadhi rangi zote kamili, inaitwa I444, lakini simu nyingi zitashindwa kuicheza hiyo faili, kwa hiyo mimi nimeiacha, nimebadilisha jedwali. Nyeusi kwa nyeupe, na njano ya kupauka kwa kitu ninachotaka kionekane.

Ubora wa kurekodi uko Settings, Output. Nilikuta kwangu pameandikwa Same as stream, yaani itumie kipimo kile kile cha kurusha mubashara kwenye intaneti, na hicho kimebanwa. Chagua High Quality, Medium File Size. Ile inayofuata yenye ubora zaidi faili linakuwa kubwa na kwa maandishi sikuona faida, na ile ya mwisho kabisa ya Lossless usiiguse kabisa, itakumalizia diski. Faida ya pili ukitoka kwenye Same as stream ni kwamba kinatokea kitufe cha kusimamisha kwa muda. Hiki ni uhai wangu. Boda inapita, nasimamisha. Mteja anabisha hodi, nasimamisha, namhudumia, narudi naendelea, na video inatoka moja. Nimekipa njia ya mkato ya kibodi ili nisiende kwenye dirisha la OBS kila mara. Usiweke F9 wala F12 kama unafundisha Excel, F9 Excel inapiga hesabu upya na F12 inafungua kuhifadhi, mimi natumia Ctrl Alt R.

Sasa hadithi ya Yaka, huu umeme wetu wa kulipia kabla. OBS niliyoisakinisha ilikuja ikihifadhi kwa fomati ya MKV, na mimi kwa kuona simu zinataka MP4 nikaibadilisha moja kwa moja, na OBS yenyewe iliniandikia onyo pale chini kwamba kurekodi kukikatika ghafla faili la MP4 halitaokoka, nikapita. Jioni moja niko dakika ya 38 ya somo la daftari la mikopo, refu kuliko yote niliyowahi kurekodi, yuniti za Yaka zikaisha. Pyuu. Nilikuwa sijaangalia mita toka asubuhi. Nilipolipa na umeme ukarudi, faili lipo kwenye folda, MB zake zipo, na halifunguki kwa kitu chochote. MP4 ya kawaida inaandika ile orodha ya kuonyesha nini kiko wapi mwishoni kabisa unapobonyeza kusimamisha, sasa kama hujafika mwisho ni kama kitabu ambacho kurasa zote zimeng'olewa zikachanganywa. MKV inajiandika kadiri inavyoenda, umeme ukikatika unapoteza sekunde za mwisho tu. Toka siku ile narekodi MKV, nikimaliza naenda menyu ya File, kisha Remux Recordings, inageuka MP4 kwa sekunde chache bila kupoteza ubora hata kidogo. Na matoleo ya kuanzia 30.2 yameleta Hybrid MP4, ambayo faili lake haliharibiki hata rekodi ikikatika katikati, nimeijaribu kwa kuchomoa chaja makusudi mara tatu na zote tatu faili lilifunguka. Kwa nchi yetu mtu asiseme hili ni jambo dogo.

Sauti. Watu watavumilia picha mbaya kidogo lakini sauti mbaya hawavumilii, wanafunga. OBS ina mita ya sauti yenye kijani, njano na nyekundu, ukiongea kawaida inatakiwa icheze kwenye njano, kati ya -20 na -9, ikifika mwisho wa nyekundu, kwenye 0, sauti inapasuka na hakuna wa kuirekebisha baadaye. Halafu kuna vichujio, unabonyeza kwenye maiki unachagua Filters, weka Noise Suppression ukichagua RNNoise. Hii kitu ilinishangaza. Nakaa karibu na barabara ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, injini zinanguruma mchana kutwa, na ikiwashwa ule mngurumo unayeyuka. Feni pia inapotea. Lakini jogoo hapotei, adhana haipotei, na mvua kwenye mabati haipotei kabisa, ikijaribu kuitoa mvua inatoa na sauti yako, unasikika kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Mvua ikianza nafunga kazi. Nimening'iniza blanketi mbili nyuma ya kiti kwa sababu chumba kina kuta tupu za saruji na sauti ilikuwa inarudi, hiyo ilisaidia kuliko kununua maiki ya bei.

Mashine dhaifu itakuandikia chini Encoding overloaded, maana yake imelemewa, na video itakuwa inaruka ruka. Kwangu ilitokea nilipokuwa narekodi freimu 60 kwa sekunde. Kwa nini 60? Seli ya Excel haikimbii. Nimeshusha mpaka 30, na mwenye laptopu dhaifu zaidi aende hata 15, mshale utatetemeka kidogo lakini maandishi yatabaki safi. Pia badilisha Encoder itumie QuickSync kama una Intel, kazi inahamia kwenye chipu ya picha na prosesa inapumua.

Kasoro zake nizitaje bila kuficha. Haina sehemu ya kuhariri, ukikosea neno huwezi kukata humo ndani, inabidi uwe na programu nyingine, mimi natumia Shotcut ambayo pia ni ya bure, lakini hiyo ni programu ya pili ya kujifunza na kwa mtu mpya ni mzigo. Camtasia ya TechSmith inakupa vyote mahali pamoja, kurekodi na kuhariri na kukuza, ni nzuri kwelikweli, ila inalipiwa kwa dola na mwalimu wa Busia hiyo pesa anaiona ni karo ya mtoto. Laptopu zenye kadi mbili za picha zinaweza kukupa skrini nyeusi tupu kwenye Display Capture, kijana mmoja nilimsaidia simu saa nzima, dawa yake iko kwenye mipangilio ya Windows, Display, kisha Graphics, unaiongeza OBS unaichagulia Power saving. Na maelezo yake mengi yameandikwa kwa mtu anayejua tayari, anayeanza anaachwa njiani.

Kuna na hili ambalo kosa lake ni la mrekodi mwenyewe, OBS inachukua kila kitu kinachopita kwenye skrini. Jina la mtu, namba ya simu, TIN, ujumbe wa WhatsApp unaochungulia pembeni. Mwenzangu mmoja alirekodi daftari la kikundi halisi akalisambaza, watu wakajua nani anadaiwa kiasi gani, ukawa ugomvi wa kanisani na sokoni. Mimi daftari ninalofundishia lina majina ya kubuni na pesa za kubuni, na kabla ya kurekodi nawasha Focus Assist ili meseji zisiruke.

Kutuma nako kuna ujuzi wake. Ukituma video WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa upya na ule usafi wote ulioutafuta unaondoka, kwa hiyo tuma kama Document, inafika kama ilivyo. Kwa setingi hizi nilizosema somo langu la dakika 5 linakaa MB 20 hivi, kwa sababu skrini ya Excel haibadiliki sana na kompyuta haina kitu kipya cha kuandika. Siku hizi sirekodi zaidi ya dakika 6. Yale masomo ya dakika 14 na 38 nimeyavunja vipande, mtu ananunua bando la siku, anachukua kipande kimoja, anafanya zoezi, kesho anachukua kingine.

Somo lile la kwanza la michango nililirekodi upya lote. Kabla sijamtumia mama nililiweka kwenye simu ya jirani yangu, ndogo, kioo kina ufa, nikatoka nayo nje juani saa saba mchana nikamwomba anisomee namba za safu ya D kutoka juu mpaka chini. Alisoma zote 30, hakukosa moja. Ndipo nikatuma. Jibu la mama lilikuja usiku, voisi ya sekunde nane, "Mwalimu, ni nane. Nimeona ni nane. Asante sana." Na Jumapili iliyofuata alikuja na jedwali lake mwenyewe kwenye flashi, amejumlisha vizuri.

Kwangu mimi OBS ni nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu naikata kwa kukosa kuhariri na kwa lile dirisha jeusi la siku ya kwanza linalowafukuza watu. Mwenye kukwama aniandikie setingi zake, aina ya laptopu na ukubwa wa skrini, nitamjibu. Sasa hivi kumeanza kujifunga mawingu upande wa ziwa, wacha nirekodi somo la VLOOKUP kabla mabati hayajaanza.